Mama mjane na shamba la kahawa: ana nguvu gani, na mipaka yake iko wapi?



Kuna swali moja ambalo linarudi kila msimu wa kahawa. Bwana amekufa. Mama amebaki ndani ya nyumba, na shamba la kahawa liko nyuma ya nyumba. Wakati wa kuchuma, mama anabeba kahawa yake mpaka kwenye stasio ya kuoshea. Karani anafungua kitabu, anakuta jina la marehemu. Kabla hajaandika kitu, kijana wa kwanza wa marehemu anafika na kusema: "Hii kahawa ni ya baba yetu. Sisi njo wenyewe. Mulipe mimi." Nyuma yake kuna baba mdogo, naye anasema: "Huyu mama alikuja hapa juu ya ndoa. Ndoa imeisha, arudi kwao."

Karani afanye nini? Mara nyingi anakimbia ugomvi: anaweka feza pembeni na kuwaambia waende wakapatane. Lakini wakati wanapatana, mama hana chumvi, watoto wadogo wamefukuzwa shuleni juu ya minerval, na magugu yanapanda katika kahawa kwa sababu hakuna mtu anayekubali kulima mahali ambapo hajui kama atavuna.

Sheria ya nchi yetu ina jibu kwa swali hili. Haikumpa yule kijana haki yote, na haikumpa mama haki yote pia. Imegawa. Tukijua mapema imegawa namna gani, ugomvi mwingi utaishia pale pale kwenye meza ya karani.

Si mgeni, lakini si mwenye kuuza

Fikirini mti wa embe. Mtu mmoja anaweza kuwa na haki ya kuchuma embe zake kila mwaka, mpaka siku atakapokufa. Mwingine ndiye mwenye mti wenyewe, lakini anangojea. Wote wawili wana haki, na kila mmoja ana mpaka. Yule wa kwanza hawezi kukata mti apasue mbao. Yule wa pili hawezi kumfukuza mwenzake chini ya mti kwa kusema "mti ni wangu".

Haki ya huyu wa kwanza, sisi hapa tutaiita haki ya kula matunda. Mkienda kwa avoka au kwenye tribinali, mtaikuta katika karatasi kwa jina la Kifaransa, "usufruit". Ni haki ya kutumia mali ambayo mwenyewe ni mtu mwingine, na kuchukua mazao yake, kwa sharti moja: mali ile ilindwe, isiharibiwe. Mwenye haki hiyo si mgeni anayevumiliwa. Hana haja ya kuomba ruhusa kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Lakini pia si mwenye shamba kamili, na akiliuza peke yake, ameuza kitu ambacho si chake.

Sheria inasema nini

Sheria ya jamaa ya nchi yetu ni ile namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987. Ilirekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Kifungu cha 785 ndicho kinachozungumzia haki ya kula matunda ya mtu aliyefiwa na mwenzake wa ndoa. Kwa maneno mepesi kinasema hivi:

Kwanza, aliyebaki ana haki ya kutumia nyumba ambamo bwana na bibi walikuwa wanaishi, pamoja na vyombo vya ndani.

Pili, ana haki ya nusu ya matunda ya ardhi inayoshikamana na nyumba ile, ardhi ambayo ilikuwa inalimwa kwa faida ya nyumba hiyo. Nusu nyingine ya matunda inaenda kwa watoto wa marehemu. Ni vile vile kwa biashara iliyounganika na nyumba, kama vile duka.

Tatu, kama nyumba inapangishwa, feza za kodi zinagawanywa nusu kwa nusu kati ya aliyebaki na watoto.

Angalieni mambo mawili hapa. La kwanza, sheria haisemi "mwanamke". Inasema aliyebaki kati ya wanandoa. Bwana aliyefiwa na bibi yake ana haki ile ile na mipaka ile ile. Ni desturi zetu tu zinazofanya mara nyingi mwanamke ndiye anayefukuzwa, na mwanaume haulizwi kitu.

La pili, sheria inasema ardhi inayoshikamana na nyumba. Shamba la mihogo lililo mbali, ng'ambo ya mto, haliko ndani ya kifungu hiki. Lile linafuata njia ya kawaida ya kugawa urithi. Watu wengi wanapotea hapa. Mama anafikiri ana haki ya kula matunda ya mashamba yote, na familia inafikiri hana haki hata ya lile la nyuma ya jiko. Wote wawili wamekosea.

Kabla ya urithi, toeni kile ambacho ni chake

Hapa kuna kosa linaloumiza wajane wengi. Familia inakaa, inaandika mali yote iliyo ndani ya lupango, kisha inagawa kama vile yote ilikuwa ya marehemu. Kumbe sehemu ya mali hiyo haikuwa ya marehemu hata kidogo.

Kama bwana na bibi hawakuchagua mpango mwingine siku ya ndoa, sheria inahesabu kwamba waliunganisha mali waliyoipata wakiwa ndani ya ndoa. Shamba walilolinunua pamoja kwa jasho lao, hata kama karatasi ina jina la bwana peke yake, nusu yake ni ya bibi. Nusu hiyo si urithi, ni mali yake mwenyewe, na akitaka anaweza kuiuza. Lakini shamba ambalo bwana alilirithi kwa baba yake ni la bwana peke yake, na lote linaingia katika urithi.

Tuhesabu kwa mabeseni. Tuseme mali waliyoipata pamoja ni mabeseni 24 ya mahindi. Mabeseni 12 ni ya mama, yanatoka pembeni kabla ya neno lolote. Yanabaki mabeseni 12 ya marehemu. Hayo ndiyo urithi.

Watoto wanachukua robo tatu, maana yake mabeseni 9, na wanagawana sawasawa, wavulana na wasichana. Watoto waliozaliwa inje ya ndoa lakini baba aliwatambua wakati wa uhai wake wako ndani ya hesabu, pamoja na wale aliowapanga kuwa wake kisheria. Yanabaki mabeseni 3. Kama wote wapo, hayo yanagawanywa kwa makundi matatu: beseni moja kwa mjane, beseni moja kwa baba na mama wa marehemu, beseni moja kwa kaka na dada zake. Mnaona sasa: wale wajomba na baba wadogo wanaofika na sauti kubwa, mara nyingi sehemu yao ni ndogo sana, na kuna wengine hawana kitu kabisa wakati watoto wapo.

Kisha, juu ya hayo yote, ndipo inakuja haki ya kula matunda katika nyumba na ardhi ya karibu.

Sasa turudi kwa kahawa iliyo nyuma ya nyumba. Tuseme bwana na bibi walilinunua shamba lile wakiwa katika ndoa, na mwaka huu limetoa kilo 400 za kahawa mbivu. Kilo 200 ni za mama, kwa sababu nusu ya shamba ni yake. Zinabaki kilo 200 za upande wa marehemu. Nusu yake, kilo 100, ni za mama kwa haki ya kula matunda. Kilo 100 nyingine ni za watoto. Mama ana kilo 300, watoto 100. Lakini kama shamba lile bwana alilirithi kwa baba yake, hesabu inabadilika: mama kilo 200, watoto kilo 200. Na kama watoto bado wadogo, ni mama anayesimamia sehemu yao. Lakini akumbuke kwamba ni ya kwao, kwa chakula chao na masomo yao.

Mama anaweza kufanya nini

Anaweza kukaa ndani ya nyumba. Anaweza kulima, kupanda, kuchuma na kuuza mazao ya sehemu yake kwa jina lake mwenyewe. Anaweza kuwa memba wa koperative kwa jina lake. Mbele ya mwaka 2016, sheria ilikuwa inamuomba mwanamke aliyeolewa ruhusa ya bwana wake kwa kazi nyingi za kisheria. Ruhusa hiyo iliondolewa. Mjane yeye hana bwana wa kumuomba, na hapashwi kuomba sahihi ya shemeji ili apokee feza za kahawa yake.

Anaweza kuomba avansi kwa koperative juu ya mavuno yake ya msimu unaokuja, maana mavuno yale ni yake. Anaweza kumkodishia mtu kipande cha sehemu yake kwa msimu wa maharagi. Anaweza kwenda mbele ya zuzi ikiwa mtu anamzuia kuingia shambani.

Hawezi kufanya nini

Hawezi kuuza ardhi ya marehemu. Hawezi kuiweka rehani. Mkopo unaosimama juu ya mavuno yake ni sawa, lakini mkopo unaosimama juu ya ardhi unahitaji sahihi za wenye ardhi. Asimkodishie mtu kwa miaka 20, kwa sababu haki yake haina hakika ya kufika huko, na siku itakapoisha mpangaji ataanza kupigana na watoto. Hawezi kuvunja nyumba auze mabati. Hawezi kuacha shamba life kwa makusudi.

Na watoto? Wao wana mipaka vile vile. Kijana wa kwanza ambaye anauza shamba lote na mama bado anaishi hapo, amemuuzia mnunuzi ugomvi. Hata akiuza sehemu yake ya haki, mnunuzi anapokea ardhi pamoja na mzigo wake: mama ataendelea kula matunda mpaka haki yake iishe. Wamemba mnaonunua ardhi, ulizeni kila mara: nani anaishi ndani ya nyumba hii? Kama jibu ni mjane, msitoe franka hata moja kabla hamjazungumza naye.

Kuna mambo madogo ambayo sheria za aina hii zimeyapanga tangu zamani. Sheria zetu zilizaliwa katika sheria za Ubelgiji, na zile za Ubelgiji zilitoka katika sheria ya raia ya Ufaransa ya mwaka 1804. Humo kuna kanuni tatu zinazofaa kujulikana. Mwanzoni, mali yote ihesabiwe na kuandikwa. Matengenezo madogo ni juu ya yule anayetumia. Matengenezo makubwa, kama vile ukuta mkubwa au paa lote, ni juu ya wenye mali. Na mazao yaliyo juu ya mti siku haki inapoanza ni ya anayeanza. Yale yaliyo juu ya mti siku haki inapoisha ni ya wenye mali.

Kahawa na mikaratusi: tunda ni lipi, mali ni ipi?

Kwa maharagi hakuna kelele. Unapanda, unavuna, ardhi inabaki. Lakini kwa mimea inayoishi miaka mingi, mpaka kati ya tunda na mali ni mgumu kidogo.

Kahawa yenyewe ni tunda. Mti wa kahawa ni mali. Kung'oa kahawa ili upande mihogo ni kugeuza mali, na mama asifanye hivyo peke yake. Lakini kukata kahawa ya zamani karibu na udongo ili ichipuke upya si kuharibu, ni kulinda. Shida ni kwamba baada ya kukata vile, mavuno yanapotea kwa msimu mmoja au miwili. Watoto wakiona vigogo vimekatwa wanaweza kulia kwamba mama ameua shamba la baba. Basi, kabla ya kukata, wakae pamoja na agronome wa koperative, waandike mistari mingapi itakatwa mwaka huu na mingapi mwaka ujao. Kukata robo ya shamba kila mwaka kunaacha chakula ndani ya nyumba.

Mikaratusi ni vile vile. Kisiki kinachipuka tena. Kama marehemu alikuwa anakata sehemu moja kila miaka kadhaa kwa makala na miti ya kujengea, mama anaweza kufuata mwendo ule ule, na miti inayotoka ni tunda. Lakini miti mikubwa ya mbao, iliyoachwa miaka mingi kama akiba ya familia, si tunda. Hiyo isikatwe bila sahihi za wote.

Na mama akitaka kupanda kahawa mpya? Hapo iko hatari kwake. Mche unangoja karibu miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza, na mti unaweza kuishi kupita maisha ya aliyeupanda. Bila makubaliano, jasho lake litabaki ndani ya ardhi ya watoto. Kama watoto ni wake, pengine atafurahi. Kama ni watoto wa bibi mwingine, ni vizuri waandike: gharama ya miche na kazi itarudishwa namna gani haki yake ikiisha.

Haki hii inaisha siku gani?

Inaisha siku mama anapokufa. Haimrithishi mtu: watoto aliozaa na bwana mwingine hawawezi kuidai. Inaisha pia akiolewa tena. Hapa familia nyingi zinatumia sheria vibaya. Zinasikia maneno ya kijiji kwamba mama alionekana na mwanaume fulani, kesho yake zinaweka kufuli mlangoni. Maneno ya kijiji si ndoa. Na hata kama haki imeisha kweli, anayesema hivyo apeleke jambo mbele ya zuzi. Kufuli si hukumu. Nusu ya mama katika mali ya ndoa, na beseni lake moja la urithi, havipotei hata akiolewa tena, maana hivyo ni mali yake.

Kwa kudai haya yote, mlango wa kwanza ni cheti cha ndoa. Ndoa ya kimila ni ndoa, lakini inapashwa kuandikwa kwa ofisi ya serikali inayoandika ndoa na vizazi. Mama ambaye hakuandikwa anaweza kujikuta mbele ya tribinali anaitwa rafiki tu wa marehemu. Wamemba wenye ndoa ambayo haijaandikwa, msingoje ugonjwa. Nendeni muandikishe wakati wote wawili mna afya.

Na ardhi ya kimila?

Wengi wetu hatuna sertifika ya ardhi. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo ni mali ya Leta, na watu wanapata haki ya kuutumia tu. Kwa ardhi ambazo watu wa vijiji wanakalia na kulima kwa mila, sheria hiyo iliahidi amri ya Rais ya kupanga haki zao, na miaka mingi imepita wakulima wakisimama juu ya mila na karatasi ya shefu. Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Na mila yenyewe ina mpaka: haiwezi kupinga Katiba wala sheria. Shefu hawezi kusema "kwetu mjane hana kitu" akafunga kesi.

Swali la kuuliza ni hili: marehemu alikuwa na haki gani? Mtu hawezi kuacha zaidi ya kile alichokuwa nacho. Katika Bushi, kule Kivu ya Kusini, kuna tofauti kubwa kati ya kalinzi na bwasa. Aliyelipa kalinzi kwa shefu, zamani kwa kawaida ng'ombe, alipata ardhi ya kudumu ambayo watoto wanairithi. Aliyepewa bwasa alipata kulima kwa muda mfupi tu, na alikatazwa kupanda mimea ya kudumu kama vile ndizi na kahawa, kwa sababu mmea wa kudumu ni alama ya mwenye shamba. Kama marehemu alikuwa na kalinzi, mjane ana kitu cha kushika. Kama alikuwa na bwasa, mjane atangoja mavuno yaliyo shambani, kisha azungumze upya na mwenye ardhi. Ni vizuri aulize mapema ili asipoteze nguvu na mbegu.

Somo moja kutoka Uingereza

Shida hii ya ardhi yenye watu wawili, mmoja anayekula leo na mwingine anayengojea, si ya Congo peke yake. Uingereza waliishi nayo miaka mamia. Huko matajiri walikuwa wanafunga mashamba yao kwa karatasi: mtoto atakula matunda mpaka kufa kwake, kisha mjukuu, kusudi shamba lisitoke katika familia. Yule aliyeshika ardhi kwa maisha yake alikuwa na heshima kubwa, lakini mikono yake ilifungwa na karatasi ile. Mara nyingi hakuweza kuuza hata kipande ili atengeneze kingine. Miaka ya 1870 nafaka rahisi kutoka Marekani zikaangusha bei, na mashamba mengi yakabaki bila feza za kuyatunza.

Mwaka 1882 Bunge lao likatoa sheria mpya. Aliyeshika ardhi kwa maisha yake akapata nguvu ya kuiuza, kuibadilisha na kuikodisha, shamba la kulima mpaka miaka 21. Mwaka 1925 muda huo ukawa miaka 50. Karatasi ya familia iliyojaribu kumnyima nguvu hizo haikuhesabiwa. Lakini sikilizeni sehemu ya pili: feza za kuuza hazikuingia mfukoni mwake. Zilipashwa kulipwa kwa wadhamini, si chini ya wawili, au kwa tribinali, na zilichukua nafasi ya ardhi. Yeye aliendelea kula faida yake tu, na wale wanaongojea hawakupoteza. Nyumba kubwa ya familia haikuuzwa bila wadhamini au zuzi kukubali. Kwa miti ya mbao iliyokomaa, kama hakuwa na haki ya kuikata kwa kupenda kwake, alihitaji ruhusa, na robo tatu ya bei iliwekwa akiba kwa familia, robo moja ikawa yake.

Sheria yetu haikumpa mjane nguvu ya kuuza, na hatusemi afanye kama Waingereza. Lakini jambo moja tunaweza kuliiga bila kungoja Bunge: mkono unaotia sahihi na mfuko unaoweka feza visiwe kitu kimoja. Kama familia imekubali wote kuuza miti mikubwa ili kulipa hospitali au kujenga paa, wachague watu wawili wa kushika feza, mmoja wa upande wa mama na mmoja wa upande wa watoto, na waandike sehemu ya kila mmoja kabla ya shoka la kwanza. Hasira nyingi katika vijiji vyetu hazitoki kwa mti uliokatwa. Zinatoka kwa feza ambazo hakuna aliyeona zimeenda wapi.

Koperative ifanye nini?

1. Katika kitabu cha wamemba, iandike majina ya bwana na bibi wote wawili, tangu siku ya kuingia. Jina la pili ni kazi ya dakika moja, na linaokoa miaka ya ugomvi.

2. Memba akifa, ombeni nakala tatu: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, na karatasi ya shamba au ushahidi wa shefu na majirani.

3. Tumeni watu wawili wahesabu miti ya kahawa na mali nyingine mbele ya mama, watoto wakubwa na shefu wa kijiji. Waandike, wote watie sahihi au kidole. Kila upande ubaki na nakala.

4. Mjue nani anasimamia urithi. Kama hakuna karatasi ya wosia, sheria inaanza na mrithi mkubwa kwa umri. Akikataa, warithi wanachagua mwingine. Kusimamia ni kugawa, si kumeza. Msimamizi hana haki ya kupokea sehemu ya mama.

5. Lipeni kila mmoja sehemu yake, kwa risiti mbili. Kama kuna mabishano ya kweli juu ya sehemu fulani, zuieni sehemu ile tu, si mavuno yote.

6. Wakishindwa kupatana katika familia na mbele ya shefu, waelekezeni kwenye tribinali ya amani. Koperative si tribinali, na rais wa koperative si zuzi.

Sasa turudi kwa yule karani. Mama amesimama na kilo 400. Kijana anadai zote. Karani ambaye ana kitabu chenye majina mawili, na karatasi ya shamba iliyonunuliwa wakati wa ndoa, anaweza kusema bila kupandisha sauti: "Mama, wewe kilo 300. Ninyi watoto, kilo 100, mgawane sawasawa na dada zenu. Baba mdogo, wewe hauna kahawa hapa, lakini karibu ukae." Pengine kijana atakasirika siku ile. Lakini ataenda na risiti mkononi, mama ataenda na yake, na kesho wote wawili watajua kwa nini inafaa kupalilia shamba lile.